Ruksa ilianzia dukani, 1984: namna uchumi wetu ulivyotoka mikononi mwa wapangaji

Hesabu Kichwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikitajwa ruksa humu ndani, yaani kule kufunguliwa kwa biashara kulikompa Rais Mwinyi jina la Mzee Ruksa, mjadala unaanzia 1986: Mzee Mwinyi kaingia, IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wakaja na masharti, shilingi ikashushwa, mashirika yakauzwa. Naona tunadakia hadithi katikati. Mfumo wa serikali kupanga kila kitu haukuvunjika kwa makubaliano na IMF ya Agosti 1986. Ulitobolewa Juni 1984, kwenye bajeti ya waziri wa fedha Cleopa Msuya, Mwalimu Nyerere akiwa bado yupo Ikulu. Na tobo lenyewe lilikuwa dukani: mwenye dola zake akaruhusiwa kuagiza mali. Benki, viwanda na mazao ya biashara vilisubiri, vingine karibu miaka kumi. Hoja yangu yote ni hiyo, mpangilio. Tulifungua duka kwanza, na nchi ikajipanga kulifuata duka.

Kwa vijana ambao hawakuyaona: baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki yalitaifishwa yakawa NBC, benki moja ya serikali. Uagizaji na biashara ya jumla vikapewa STC, shirika moja kwa nchi nzima. Lilipolemewa, mwaka 1973 kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, ile tuliyoizoea kwa jina la RTC. Bei zilipangwa na Tume ya Bei. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya kijiji yachukue nafasi. Mwaka huohuo vyama vya ushirika vya mazao vikavunjwa, mazao yakawa mikononi mwa mamlaka za serikali. Fedha za kigeni unaomba Benki Kuu, unasubiri kibali.

Sasa tazama lilivyozunguka. Dola inatoka kwenye pamba, kahawa, korosho na katani. Mkulima analipwa kiduchu, tena kwa kuchelewa, maana mamlaka ya zao inajilipa kwanza. Anapunguza shamba. Dola zinapungua, kiwanda cha nguo kinakosa spea na rangi, khanga haziendi RTC. Mkulima akifika dukani na hela yake anakuta rafu tupu, anarudi nyumbani akijiuliza hela zenyewe za nini. Mwaka unaofuata analima mahindi ya kula tu. Ongezea bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita ya Idi Amin 1978 hadi 1979, utaelewa kwa nini viwanda vilifika mahali pa kufanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wake.

Serikali kwanza iliona mchawi ni mlanguzi. Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa mali mitaroni usiku wasikutwe nayo. Bidhaa hazikuongezeka, na hata hizo chache zikazidi kujificha. Mwaka mmoja baadaye serikali ileile ikasema: mwenye dola zake aagize mali, hatutamuuliza kazipata wapi. Tusijidanganye, nyingi zilikuwa dola za magendo: dhahabu, pembe za ndovu, kahawa iliyovuka mpaka usiku, ankara zilizochezewa. Lakini zikarudi nyumbani zikiwa pick-up, sabuni, redio na marobota ya mitumba. Rafu zikajaa kabla hata IMF hawajatia saini.

Nangoja mishale.

---

Kijiwe cha Buguruni

Kwa hiyo Mzee Ruksa wa kwanza ni Nyerere mwenyewe? Mkuu, ukiyasema haya kijiweni kwetu unamwagiwa kahawa.

---

Hesabu Kichwani

Sijasema aliipenda. Mazungumzo na IMF yalikuwa yamekwama kwa miaka, na kushusha shilingi alikuwa akikataa hadharani. Nasema ilipitia mikononi mwake. Bajeti hiyohiyo ya 1984 iliondoa ruzuku ya sembe na ikapunguza thamani ya shilingi hadi karibu 17 kwa dola. Haya hayakuwa maamuzi ya mtu aliyekuwa amelala.

---

Mama Nyakasanda

Wanangu, mimi nimezaliwa Kigoma na nimelea watoto miaka hiyo, niwaambie ilivyokuwa kwa upande wa jikoni.

Sukari ilipitia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ana daftari, anakujua una watoto wangapi, na anakujua kama mmegombana. Ukisikia RTC wameshusha mzigo unakwenda alfajiri na kukuta foleni ya mawe na vikapu, kila jiwe lina mwenyewe, na ole wako uliguse. Mnasimama hata hamjui kinachouzwa. Mtu anauliza "leo kuna nini?" anajibiwa "sijui, lakini kuna foleni." Ukifika dirishani unauziwa dawa ya mswaki na ulifuata sabuni. Unanunua hivyohivyo, utakwenda kubadilishana na jirani.

Nguo tulifulia majani ya mpapai. Unga tulipewa ule wa njano wa msaada, watoto wakauita unga wa Yanga. Sabuni ya kweli ilitoka Burundi, ikivuka kwa baiskeli na kwa mitumbwi, na vitenge vilitoka Zaire. Aliyeleta aliitwa mhujumu mchana, na jioni mke wa ofisa anatuma mtoto kwake.

Kwa hiyo huyu kijana aliyeanzisha uzi namuunga mkono kwa hili la duka. Mwaka 1985 mimi nilikuwa sijui IMF ni mnyama gani, lakini sabuni nilikuwa naiona.

---

Dirisha la Saba

Shikamoo mama. Hilo la kuuziwa dawa ya mswaki badala ya sabuni ni uchumi mzima wa miaka ile kwenye sentensi moja.

Aliyesahau: Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani ili kuokoa mafuta. Na bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya 1970. Watu wanazungumzia ruksa kama mambo ya shilingi tu.

---

Mkaguzi Mstaafu

Nimepitia vitabu vya hesabu vya mashirika ya umma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo niruhusiwe kuvuruga kidogo hadithi ya duka.

Hesabu Kichwani, rafu zilijaa, sawa. Lakini 1984 bado dola ya serikali ilikuwa shilingi 17 na dola ya mtaani ni mara kadhaa ya hiyo. Maana yake ni kwamba aliyepata kibali cha Benki Kuu alikuwa anapewa zawadi, na aliyeuza pamba kihalali alikuwa anatozwa kodi isiyoandikwa popote. Hilo halikuguswa na mali za dola binafsi. Liliguswa 1986, shilingi ilipotoka 17 kwenda 40, kisha ikaendelea kuteremka taratibu, mpaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yaliporuhusiwa na mwenye dola akaacha kunong'ona. Bila ile safari ya 1986 hadi 1992, tobo lako la 1984 lingebaki tobo la wenye ndugu Dubai.

Pili, mnaruka benki kana kwamba ni jambo dogo. Mtu wa leo hawezi kuamini jinsi mkopo ulivyokuwa. Msimu wa pamba unafungua, ushirika au bodi inakwenda NBC kuchukua fedha za kununulia mazao. Zao linanunuliwa, linauzwa, fedha zinaliwa na gharama za magari, mishahara na ghala zilizovuja. Deni halilipwi. Msimu unaofuata wanarudi palepale dirishani, deni la zamani linahamishiwa ukurasa mpya, riba inaandikwa kama mapato ya benki. Kwenye vitabu benki ina faida. Kwenye kasha hakuna kitu. Meneja anayekataa kukopesha anapigiwa simu kutoka juu, kwa hiyo hakatai. Nimeona madeni yanabebwa msimu hadi msimu mpaka aliyeyasaini wa kwanza amestaafu.

Tume ya Nyirabu, iliyoundwa kuchunguza mabenki, iliyachambua hayo mwishoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya mabenki ikaja 1991, benki binafsi za kwanza zikafungua milango 1993. Moja kati ya hizo, Meridien BIAO, ikaanguka 1995, kwa hiyo wanaodhani binafsi maana yake ni salama wapumzike kidogo. Benki ya CRDB ikabinafsishwa 1996. NBC ikapasuliwa 1997: upande mmoja NBC mpya, upande mwingine NMB ya matawi ya wilayani, na makapi yakapelekwa kampuni ya kushikilia mali. Mwaka 2000 Absa ya Afrika Kusini wakanunua hisa nyingi za NBC.

Hesabuni wenyewe: 1984 mpaka 1997. Miaka yote hiyo mfanyabiashara wa mitumba anazungusha pesa taslimu kwa wiki mbili, na mwenye kiwanda anahitaji mkopo wa miaka mitano kutoka benki ambayo kiuhalisia imekwisha filisika. Nani unadhani alishinda?

---

Hesabu Kichwani

Mkaguzi, shikamoo. Lakini mbona hiyo aya yako ya mwisho ni hoja yangu uliyoivalisha suti?

---

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba. Tofauti ipo. Wewe unasema mpangilio ulitokea tu. Mimi nasema ulichaguliwa. Duka lilifunguliwa mapema kwa sababu halikumfukuza mtu wa chama kazini. Mashirika ya umma, karibu 400, yalikuwa na wakurugenzi, magari, nyumba na wajumbe wa bodi. Ndiyo maana Tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilianza kazi baada ya Azimio la Zanzibar la 1991, lililolegeza masharti ya Azimio la Arusha kwa viongozi, si kabla. Kiongozi alipokwisha ruhusiwa kuwa na hisa na nyumba za kupangisha, ndipo kubinafsisha kukaanza kuonekana hakuna ubaya.

---

Kijiwe cha Buguruni

Hapo mzee umegonga penyewe.

---

Fundi Mitambo

Nilikuwa kwenye matengenezo ya kiwanda kimoja cha nguo, sitakitaja, wenzangu wengine wako hai na kesi za mafao zao wanazijua.

Mnachokiita ruksa sisi tulikiona hivi. Mitambo ya kufuma mia kadhaa, inayotembea ni michache, mingine tumeifanya duka la spea. Ukitaka meno ya gia unafungua mtambo wa jirani. Tuliomba fedha za kigeni za spea, barua inakwenda wizarani, inakwenda Benki Kuu, inarudi na swali. Tukiwa kwenye swali hilo, marobota ya mitumba yakaanza kushuka Manzese. Suruali ya mtumba ni nzuri kuliko kitambaa chetu na bei ni ndogo. Miaka ya 1990 tukapunguzwa kazi, mkono mmoja barua, mkono mwingine bahasha ambayo haikutosha hata kununua cherehani.

Wangetupa spea kwanza, miaka mitatu tu, halafu wafungue mlango. Siwezi kuelewa kwa nini haikuwezekana.

---

Namba Hazidanganyi

Pole sana kaka, lakini tuwe wakweli. Mitumba haikuua viwanda vilivyokuwa vizima. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, vingi vya kuuza Ulaya. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo huo kwa maana ya kudumu, na kiatu cha Ulaya hakikuonekana. Hapo hakuna mtumba wa kulaumu. Kilichorwa mezani na watu waliohesabu mashine, hawakuhesabu ngozi bora zinatoka wapi, nani atanunua, na ukuta gani unafaa kwa joto la Morogoro.

Na vingine vilivyouzwa vikafufuka. Bia: kampuni ya TBL ilipochukuliwa na Waafrika Kusini 1993, watu waliacha kuhonga mhudumu ili wapate kreti. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kiliendelea kwa ubia na Wachina toka 1996, kwa kuchechemea. Kwa hiyo si kila kilichokufa kiliuawa.

---

Fundi Mitambo

Bia ina soko hata ukiichemsha vibaya. Nguo inashindana na nguo iliyogawiwa bure Ulaya. Usilinganishe.

---

Binti wa Ufipa

Mnaongea kama nchi nzima ilikuwa Dar es Salaam na mipakani. Sisi wa Sumbawanga tuna hadithi nyingine, na haitawapendeza wote wawili, wa Azimio na wa ruksa.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 NMC, shirika la serikali la nafaka, walinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Gunia la Sumbawanga bei sawa na la Morogoro. Kiuchumi ni kichekesho, kwa sababu kulisafirisha hadi Dar kuligharimu kama gunia lenyewe. Lakini ndicho kilichotufungua. Pamoja na mbolea ya ruzuku, Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa zikawa ghala la taifa. Babu yangu alijenga nyumba ya bati kwa mahindi. Uliza leo ni nani anajenga kwa mahindi ya msimu mmoja.

Serikali ilipojitoa, bei ikarudi kufuata umbali wa barabara. Mlanguzi anakuja Julai barabara ikiwa kavu, anataja bei, unakubali kwa sababu mtoto anatakiwa shule. Ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walionufaika ni walio karibu na soko.

Na Hesabu Kichwani, duka halikuwa peke yake mwaka 1984. Kabla ya hapo ukikutwa unasafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 kuvuka mkoa bila kibali, ni kosa. Mwaka 1984 ikaruhusiwa hadi kilo 500, na 1987 kikomo kikafutwa. Magunia matano kwenye bodi ya fuso, hiyo nayo ni ruksa, na ilimgusa mkulima, si mwenye duka.

---

Hesabu Kichwani

Dada, la kilo 500 ni hoja nzito, na linaongeza uzito upande wangu wa 1984. Ila bado ni usafirishaji. Ni uchuuzi wa mahindi ulioruhusiwa, si uzalishaji uliosaidiwa. Mbolea, mkopo na barabara havikuja na hizo kilo 500.

---

Binti wa Ufipa

Kwa mkulima wa kwetu Laela kuuza ndiyo kuzalisha. Asipouza halimi. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyoandika huko juu.

---

Jamaa wa Namanga

Nawasoma kutoka upande wa pili wa mpaka. Sisi Kenya tulikuwa tunawaona Watanzania wakija Namanga na Taveta kununua sabuni, mafuta ya kupikia na mkate, yaani mkate! Lakini msidhani sisi tulikuwa soko huria. Bei ya unga na maziwa ilipangwa na serikali hadi miaka ya 1990, na mahindi kuyavusha kutoka wilaya moja hadi nyingine bila karatasi ya bodi ya nafaka ulikuwa unashikwa. Tofauti ni kwamba duka la jumla la Mhindi na la Mkikuyu hayakuguswa, kwa hiyo bidhaa zilikuwepo.

---

Vijana wa Kesho

Swali la kizembe labda. Vietnam nao walianza mabadiliko 1986, mkutano mkuu wa chama chao Desemba mwaka huo. Walikuwa maskini kama sisi, wametoka vitani, mfumuko wa bei mamia ya asilimia. Leo wanauza simu na viatu dunia nzima. Sisi tuna nini cha kujitetea?

---

Hesabu Kichwani

Halina uzembe, ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Wao walianzia shambani. Aprili 1988 chama kilitoa uamuzi unaoitwa huko Khoán 10: ardhi ya ushirika ikakabidhiwa kaya ilime yenyewe kwa miaka mingi, iuze ziada yake inakotaka. Mwaka 1989 bei nyingi zikaachiwa kwa mkupuo na sarafu ikashushwa karibu na bei ya mtaani. Mwaka huohuo nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni 1. Sheria ya ardhi ya 1993 ikampa mkulima haki ya matumizi anayoweza kurithisha, kuhamisha na kuwekea rehani. Kahawa yao miaka ile ilikuwa si kitu, na kufikia mwaka 2000 walikuwa wa pili duniani nyuma ya Brazil. Viwanda vya viatu vilifuata baadaye, vikakuta tumbo limeshiba na mtu wa kijijini ana akiba.

Sisi sheria za ardhi zilikuja 1999. Wao mashirika yao makubwa ya umma hawakuyauza haraka, mengi yapo hadi leo, kwa hiyo wanaosema siri ni kubinafsisha hapo wamekosea mlango. Wala tusisahau kwamba wako katikati ya majirani matajiri waliokuwa wanatafuta mahali pa kuhamishia viwanda. Jirani zetu miaka ya 1990 walikuwa na mambo yao.

---

Korosho Ghafi

Sasa mmefika kwetu Mtwara.

Msimu wa 1973/74 tulivuna korosho karibu tani 145,000. Kufikia 1986/87 tulishuka hadi tani elfu 17 hivi. Wataalamu watakwambia ni ubwiriunga, na ni kweli, ule ugonjwa mweupe kama umemwagiwa unga ulikausha maua. Lakini ubwiriunga ulikuta mikorosho imetelekezwa. Operesheni Vijiji ilihamisha watu wakaenda kukaa mbali na mashamba yao, mkorosho wa mtu uko kilomita kadhaa, nyasi zimepanda, bei ya mamlaka ni ya kukatisha tamaa. Nani ataamka usiku kupulizia dawa ya salfa? Na salfa yenyewe inaagizwa kwa dola za kibali.

Wakati huohuo wapangaji wakajenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa mikopo ya nje. Nendeni mkatazame. Yaani uvunaji unaporomoka, viwanda vinaongezeka. Vingi vilifanya kazi kidogo au havikufanya kabisa, baadaye vikauzwa, na walionunua wengi wakavitumia kama maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Ruksa ilipofika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaja na pesa mkononi na salfa kwa mkopo, na utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele ulikuwa tayari. Watu walirudi mashambani kwa miguu yao, hakuna operesheni. Mwisho wa muongo ule tukavuka tena tani 100,000. Hapa ruksa ilifanya kazi, nasema bila kupepesa macho.

Ila kijana wa Vietnam asikilize hili. Korosho hizo zinabanguliwa wapi? India, na huko Vietnam kwenyewe. Wao walifungua mashamba, wakajenga ubanguaji, sasa wanaagiza korosho zetu ghafi, wanazibangua na kuziuza Marekani na Ulaya. Mimi napanda, wao wanapata kazi ya kiwandani. Na maghala yangu yalijengwa kuwa viwanda.

---

Namba Hazidanganyi

Na hapo katikati umeruka walanguzi wa kangomba wanaonunua kwa bakuli mkulima akiwa na njaa Agosti.

---

Korosho Ghafi

Sijaruka, nilikuwa nakuja. Kangomba ni mtoto wa ruksa isiyo na benki, kama Mkaguzi alivyosema. Mkulima akikosa pa kukopa kwa dhamana ya mikorosho yake, anakopa kwa mwenye bakuli. Ndiyo maana mwaka 2007 serikali ikaleta stakabadhi ghalani: korosho zinakwenda ghalani kupitia chama, zinauzwa kwa mnada. Wengine tuliona ni mamlaka ya zao imerudi kwa jina jipya. Miaka mingine tulipata bei nzuri mno, tukanyamaza.

---

Mkaguzi Mstaafu

Niongeze kipande kinachosahaulika kati ya 1995 na 2001, kwa sababu watu wanadhani ruksa ilileta utulivu. Haikuleta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumuko wa bei ulikuwa bado uko kwenye asilimia 20 na zaidi, misamaha ya kodi ikagawiwa kama pipi na wafadhili wakasitisha misaada. Awamu ya Mkapa ikaanza kutumia kile kilichokusanywa tu mwezi kwa mwezi, mamlaka ya mapato, TRA, ikaanza Julai 1996, kodi ya VAT Julai 1998, mfumuko ukashuka chini ya asilimia 10 kufikia 1999, na Novemba 2001 tukasamehewa sehemu kubwa ya madeni. Sheria ya madini ya 1998 ikafungua migodi ya dhahabu. Takwimu zikapendeza. Lakini dhahabu inapanda ndege, haimwajiri Fundi Mitambo.

---

Fundi Mitambo

Ahsante mzee kwa kunikumbuka. Mimi niliishia kutengeneza cherehani za wanaopunguza suruali za mitumba. Fikirieni wenyewe.

---

Kijiwe cha Buguruni

Swali kwa mwanzisha uzi. Kama mipango ya serikali iliisha, 2018 ilikuwa nini?

---

Korosho Ghafi

Nijibu mimi, nilikuwa na mzigo ghalani.

Msimu wa kabla yake ulikuwa wa rekodi, zaidi ya tani 300,000 na bei juu. Oktoba 2018 minada ikafunguliwa kwa bei ya chini sana, wakulima wakagoma kuuza. Serikali ikawaambia wanunuzi wasishuke chini ya shilingi 3,000, wanunuzi wakasuasua. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi yakaja kubeba. Siku hiyo Mtwara watu walipiga vigelegele, nami nikiwemo. Halafu ukaja uhakiki. Una hekari ngapi, mbona kilo zako nyingi, si kangomba wewe? Wapo waliolipwa haraka, wapo waliosubiri mpaka msimu mwingine ukagonga mlango, wakiwa hawana hela ya salfa. Korosho zikakaa ghalani kutafuta mnunuzi, na mnunuzi akijua umekwama hakupi bei yako.

Sasa mwaka huo uuite nini? Mimi nilioneshwa fomu ya uhakiki yenye safu ya idadi ya mikorosho, na karani akasema mikorosho yangu haiwezi kuzaa kilo zile. Hajawahi kufika shambani.

---

Binti wa Ufipa

Na sisi 2017 mahindi yakazuiwa kwenda nje, bei ikaanguka tukiwa tumejaza maghala. Nyie Jeshi lilipowajia mlipata angalau bei iliyotangazwa. Sisi tulipata marufuku.

---

Hesabu Kichwani

Ndiyo maana sijaandika popote kwamba mipango iliisha. Duka halijawahi kufungwa tena toka 1984, hakuna aliyethubutu. Shamba limefunguliwa na kufungwa kila mara, mahindi, korosho, mbaazi, kwa tangazo la jioni moja. Mwagizaji wa Kariakoo anajua sheria yake ya mwaka kesho. Mkulima hajui ya Jumatatu. Nikiwa na milioni 50 leo, niziweke wapi, kwenye kontena la kutoka Guangzhou au kwenye mashine ya kubangua korosho Masasi?

---

Korosho Ghafi

Njoo na hizo milioni 50, mashine tutaipata. Ila uje na mwanasheria.